Kipande Namba Kumi na Moja

Marsiana aliondolewa kwenye kwaya ya parokia kwa kosa la kusikia. Si kwamba aliimba vibaya. Sauti yake ya pili ilikuwa safi na haikumsumbua mtu. Tatizo ni kwamba katikati ya wimbo alikuwa akigeuka kumtazama aliyekosea, na miaka hiyo Mabawe, kama mahali pengine, waliokosea walikuwa wengi kuliko waliopatia, na baadhi yao walikuwa viongozi. Mwalimu wa kwaya akamwambia apumzike kidogo. Akapumzika miezi minane.

Aliyemwokota ni Bruda Klemensi, Mzungu mrefu mwenye mikono ya seremala, aliyekuwa na chumba nyuma ya sakristia alichokiita studio. Parokia nzima ilikiita stoo, kwa sababu kabla ya mashine kilikuwa cha maharage, na panya hawakuarifiwa juu ya mabadiliko. Ukutani Bruda alipigilia mablanketi ya msaada, sakafuni akatandika mikeka juu ya mikeka, na juu ya meza ndefu akapanga mali yake: rekoda kubwa iliyougawa utepe mmoja katika njia nne, rekoda ndogo ya kawaida, miksa yenye vitufe vya kupandisha na kushusha, na maikrofoni nne zilizolala kwenye sanduku la mvinyo wa misa. Humo alitengeneza picha za ukutani zenye sauti. Picha zilipita moja moja kwenye shuka jeupe huku utepe ukieleza namna ya kuchimba choo au kumpenda jirani.

"Nimesikia una ugonjwa wa kusikia makosa," Bruda alimwambia.

"Ndiyo, Bruda."

"Hautibiki. Njoo nikupe kazi."

Miezi mitatu ya kwanza hakuruhusiwa kugusa kitu. Aliketi kwenye kigoda, amevaa masikioni vipokea sauti vizito kama sufuria mbili, akaulizwa: nini kiko juu, nini kiko chini, nani yuko karibu, nani yuko mbali. Mvua ilipopiga bati aliulizwa juu ya mvua. Panya walipopita aliulizwa juu ya panya. Kisha akafundishwa vitufe, na somo la kwanza lilikuwa kwamba mtu mjinga huanza kwa kuongeza. Asiyesikia zeze hupandisha zeze, halafu ngoma inamezwa, anapandisha ngoma, halafu waimbaji wanamezwa, na mwisho sindano ya kupimia sauti inagonga nyekundu na kila kitu kinakwaruza.

"Shusha kinachozuia," Bruda alisema. "Ukishusha kimoja sahihi, vingine vinatokea vyenyewe."

Somo la pili lilikuwa wembe. Kabla ya kuchanganya, utepe ulikatwa mahali penye kikohozi, kiti kilichosogezwa au mtu aliyeanza mapema, kisha ncha zikaunganishwa kwa karatasi ya gundi. Kila kipande kilichotolewa kilipewa namba mgongoni kwa penseli ya mafuta, na namba ikaandikwa daftarini pamoja na kosa lake. Vipande vyenyewe havikutupwa. Bigirimana, mkulima wa shamba la misheni, aliyevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na watoto wawili na jembe, aliviomba akavifunga kwenye vijiti katikati ya mtama. Vilimeta na kulia kwa upepo, ndege wakaogopa. Mtama ukivunwa alivikunja ndani ya kopo hadi msimu mwingine. Hivyo makosa yote ya kwaya ya Mabawe yalikuwa na kazi ya kudumu.

Somo la mwisho lilikuwa utepe mama. Huo ndio utepe uliokamilika, ambao nakala zote hutoka kwake, na ambao baada yake hakuna kurekebisha tena. Bruda hakuusikiliza kwa spika zake nzuri. Aliuchomeka kwenye spika kama honi iliyokaa juu ya Land Rover ya parokia. "Watu hawatakuja stoo kusikiliza," alisema. "Watasikia kwa hii. Kama humu kila mtu yuko mahali pake, basi."

Marsiana aliolewa mwaka wa sabini na tano na Gaspari, besi wa kwaya, na jambo hilo halikumshangaza mtu isipokuwa wale waliodhani mwanamke wa namna hiyo atatafuta mume anayenyamaza. Gaspari alikulia Rusumo, karibu na maporomoko, ambako asiyepaza sauti anakula peke yake. Operesheni ya vijiji ilimhamisha yeye na mama yake Domisiana mwaka wa sabini na nne, wakapangwa Mabawe katika mstari wa nyumba ulionyooka kama rula, mbali na maji yoyote yenye kelele. Maporomoko yalibaki. Sauti ilikuja naye. Alipoomba chumvi, majirani watatu walijua chumvi imekwisha.

Azimio lilipotimiza miaka kumi, wilaya iliagiza picha zenye sauti juu ya kijiji. Bruda alipiga picha za nyumba kutoka upande uliokuwa na mabati. Kwaya ikaimba. Njia ya nne ya utepe ilikuwa ya mabesi wawili, Gaspari na rafiki yake Pancras, wakichangia maikrofoni moja. Pancras alikuwa mtu mwembamba mwenye kifua kibovu, na kabla ya kila ubeti alikohoa kikohozi kifupi cha kupiga mara mbili, kama mtu anayebisha mlango asiotaka ufunguliwe.

Ndugu Ndassa, afisa utamaduni, alikuja kusikiliza. Alikaa kwenye kigoda cha Marsiana akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na swali.

"Huyu ni nani?"

"Nani, Ndugu?"

"Huyu wa chini. Anaimba kama yuko shambani kwake."

"Ni Gaspari, Ndugu."

"Katika kijiji cha ujamaa," Ndugu Ndassa alisema, bila ukali, kama daktari anayetaja homa, "haiwezekani tukamjua mtu mmoja. Nataka nisikie wananchi."

Marsiana alifanya kazi siku nne. Aliwarudisha mabesi, akamweka Pancras mbele ya maikrofoni na Gaspari mlangoni, mguu mmoja nje. Akarekodi tena. Akakata vipande kumi na saba. Akashusha njia ya nne mpaka ikawa kama sakafu: unaikanyaga, huioni. Na kwa kweli, Gaspari aliposhuka, wanawake walitokea wote, mmoja mmoja, hata wale ambao hakujua wanaimba. Bruda alisikiliza kwenye honi ya Land Rover mara mbili, akamshika Marsiana bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya na hakulirudia.

"Sasa unajua kazi," alisema.

Nyumbani Gaspari alilalamika kwa sauti ya mtaa mzima.

"Kwa hiyo mke wangu umenitoa nje."

"Ni amri ya wilaya."

"Na humu ndani? Humu nitashushwa na nani?"

"Humu hakuna kitufe," Marsiana alisema, na majirani watatu wakacheka.

Mwaka uliofuata Bruda alikwenda kwao kutibiwa ini, akaandika barua mbili, kisha haikuja ya tatu. Tepe mpya zilikuwa zikipitia Mombasa, na mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa. Marsiana akabaki na ufunguo wa stoo, tepe saba, na daftari. Mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Vita ndivyo vilivyoubadilisha jina baadaye, ukapewa la mto.

Vita vilianza Oktoba, kaskazini, na Novemba vilifika Mabawe kwa umbo la lori. Mgambo waliitwa kwa orodha. Gaspari na Pancras waliimba wakipanda, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia Gaspari apunguze. Marsiana alimsikia mpaka lori lilipopita kona, na kidogo baada ya kona.

Januari Ndugu Ndassa alirudi. Alikuwa amekonda, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la kweli.

"Wapiganaji wanahitaji kusikia nyumbani," alisema. "Salamu za familia. Utepe mmoja, utapelekwa mstari wa mbele. Una utepe?"

Hakuwa nao. Saba zote zilikuwa na kazi ndani. Alizipanga mezani akazitazama. Mmoja ulikuwa na mafundisho ya komunyo ya kwanza, ambayo padri asingekubali yafutwe. Mmoja ulikuwa na namna ya kuchimba choo, na ulikuwa wa Wizara. Tatu zilikuwa mafungu ya katekisimu. Mmoja ulikuwa utepe mama wa picha za kijiji, mali ya wilaya. Wa saba ulikuwa utepe wa njia nne wa wimbo uleule, kabla ya kuchanganywa. Ulikwisha kutoa kazi yake. Bruda alikuwa amemfundisha kwamba ukishapata utepe mama, ule wa kwanza ni malighafi tu, unaufuta na kuutumia tena, kama fundi anavyozirudisha mbao za jukwaa.

Akaufuta. Ilichukua dakika thelathini na mbili, na alizitumia kuandika majina ya watakaotoa salamu.

Walikuja arobaini na sita. Kila mmoja alipewa nusu dakika. Domisiana, ambaye hakuwahi kuona maikrofoni kwa karibu, aliisalimia kwanza, kisha akamwambia mwanawe kwamba ng'ombe amezaa, kwamba avae soksi, na kwamba asipige kelele kule, watamsikia. Marsiana alikuwa wa mwisho. Alisema, "Gaspari, tupo," akatazama sindano, ikawa mahali pake, akazima.

Utepe ulikwenda. Haukurudi, na hakuna aliyejua kama ulichezwa.

Barua ilikuja Juni, vita vikiwa vimekwisha na watu wakiwa wamekwisha kushangilia. Ilisema Gaspari alikufa akilinda taifa. Pancras, aliyerudi wiki mbili baadaye na gongo chini ya kwapa, alimwambia Marsiana pembeni kwamba lori lilipinduka kwenye tope upande wa pili wa mpaka, hakuna aliyepiga risasi, na waliokufa walizikwa hapohapo kwa sababu lori lililofuata lilihitaji kupita.

"Usimwambie mama," Pancras alisema.

"Nimwambie nini? Anakataa hata barua."

Domisiana alikuwa ameketi kwenye mkeka tangu barua ifike. Hakulia. Waombolezaji walikuja, wakakaa siku zao, wakaondoka. Wengine wakarudi, kwa sababu matanga hayakuanuliwa na haikujulikana kama walikuwa bado wanaombea au wanatembelea. Wazee wa ukoo walimsihi. Katekista alimsihi. Mwenyekiti wa kijiji alieleza kwamba barua ina mhuri.

"Naona mhuri," Domisiana alisema. "Mnataka nimlilie karatasi?"

Hakuwa na picha ya Gaspari. Zile picha za kijiji zilionyesha nyumba. Wiki ya tatu alimwita mkwewe.

"Mke wa Gaspari."

"Abee, mama."

"Wewe unakaa na mashine zinazotunza sauti za watu."

"Ndiyo, mama."

"Nipe ya kwake. Nikimsikia nitamlilia. Nisipomsikia yuko safarini."

Marsiana alikwenda stoo, akawasha jenereta kwa ruhusa ya padri, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, akauweka utepe mama. Kwaya ikaimba. Kila mtu alikuwa mahali pake. Aliongeza besi, ikaja ngurumo ya wanaume wote kwa pamoja. Alipunguza juu, wanawake wakazama, na chini yao hakukuwa na mtu bali sakafu. Alijaribu spika nzuri, alijaribu honi, alijaribu kwa sikio moja. Kwa siku tano alitafuta njia ya kumtoa mtu mahali alipomweka mwenyewe, na aliona jinsi alivyoifanya vizuri kazi ile. Mwanafunzi mzembe angeacha ufa.

Siku ya sita akamkumbuka Bigirimana.

Mtama ulikuwa tayari kwa kuvunwa na ndege walikuwa wamepanga foleni kwenye mikaratusi.

"Nahitaji vile vipande," Marsiana alisema.

"Vyote?"

"Vyote."

"Ndege watakula, mama."

"Wale."

"Padri ataniuliza."

"Mwambie umewapa likizo."

Bigirimana alimtazama, kisha akaweka panga chini, na wote wawili wakapita mistari ya mtama wakifungua vifundo. Alivishika kwa ncha, kama mtu anayebeba nyoka mdogo wa mtu mwingine.

Vilikuwa vipande sitini na kitu. Misimu miwili ya jua ilikuwa imevikunja, na rangi ya kahawia ilihamia vidoleni. Marsiana alivifuta kwa pamba kavu, akavilaza chini ya vitabu vya nyimbo siku mbili, kisha akatafuta namba. Vya wimbo ule vilisomeka tisa. Akaviunganisha, akafungua njia ya nne peke yake.

Namba tatu: kimya. Namba tano: mtu anasogeza mguu. Namba sita: mwalimu wa kwaya, mbali, akisema tena. Namba tisa daftari liliandika, "Gaspari kaanza mapema. Kata." Akakipitisha. Dawa ya kahawia inayoshika sauti ilikuwa imebanduka yote pale kilipofungiwa kwenye kijiti, na kilichobaki kilikuwa mvumo mtupu, kama mtu anayepepeta ulezi. Akapitisha mara kumi na tano. Kila mara ulezi ulipungua.

Namba kumi na moja ilitoka safi kuliko zote. Kikohozi kifupi, kupiga mara mbili. Kisha pumzi. Kisha kimya.

Hakuhitaji daftari, lakini alilifungua. Mwandiko ulikuwa wake. "11. Pancras kakohoa. Kata."

Angeweza kuacha hapo. Alitaka kuacha. Lakini mchana uleule Domisiana, aliyesikia jenereta kutoka nyumbani, alikuwa ameinuka kwenye mkeka kwa mara ya kwanza tangu Juni na kuanza kutembea kuelekea misheni, na waombolezaji nyuma yake. Walifika stoo kumi na wawili. Padri akaleta kiti. Pancras alikuja wa mwisho kwa sababu ya gongo, na kwa kuwa ndani kulijaa alisimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Shikamoo, mama," Marsiana alisema.

"Marahaba. Umempata?"

"Mama, nimepata kipande kimoja. Ni kidogo sana. Lakini..."

"Kichezeshe kwanza."

Marsiana akakichezesha.

Kikohozi kilijaa stoo, kikubwa kuliko kilivyokuwa siku kilipokoholewa, kwa sababu spika za Bruda zilikuwa nzuri. Domisiana hakutikisika.

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia."

Mara ya nne bibi kizee aliinama, akaweka viganja vyote viwili juu ya spika kama anayepima joto la mtoto.

"Moshi," alisema. "Tangu mdogo. Nilikuwa namwambia toka jikoni, hatoki." Na kilio kikamtoka kwa sauti iliyokulia Rusumo, wanawake wakaipokea, ikapita mablanketi, ikapita bati, mpaka ndege kwenye mtama wakaruka wote kwa pamoja.

Ile "lakini" ilibaki mdomoni mwa Marsiana. Aliishika kidogo, akatafuta mahali pa kuiweka, kisha kila mahali pakajaa. Alitazama mlangoni. Pancras alikuwa amebana midomo, jasho limemtoka, mishipa ya shingo imesimama. Alivumilia kadiri mwanajeshi anavyoweza. Kisha akageuka, akarukaruka na gongo lake hadi nyuma ya migomba, na Marsiana peke yake, kwa ugonjwa wake ule, alimsikia kule akibisha mara mbili, na mara mbili, na mara mbili tena.

Matanga yalianuliwa Jumamosi. Domisiana alinyolewa, akala, akaulizia ndama. Lakini alizoea kuja stoo kila Jumapili baada ya misa kusikiliza, na kipande kilikuwa kikitoa vumbi kila kilipopita kwenye kichwa cha mashine, hivyo Marsiana aliona hakitafika Krismasi. Ilibidi kitolewe nakala. Alimfuata padri, akapewa fungu la tatu la katekisimu alifute.

Alifanya kazi hiyo mchana mmoja. Alisafisha mkwaruzo wa mwanzo. Aliacha pumzi ile ya mwisho, akaipunguza taratibu ili isikatike ghafla. Kisha, akiwa ameshika kitufe cha besi, aliwaza kifua cha Gaspari, jinsi kilivyokuwa kipana, na akaongeza kidogo, na kidogo tena, mpaka yule mtu mwembamba aliyekohoa mwaka wa sabini na saba akawa mnene mabegani. Akasikiliza kwenye honi ya Land Rover. Hakuna ambaye angejua.

Pancras alimkuta pale uani, waya mkononi.

"Shemeji."

"Sema."

"Kanisani nakaa nyuma, nje nakaa mbali. Lakini kijiji chenyewe ni mstari mmoja. Iko siku atanisikia." Akahamisha gongo kwapa jingine. "Nauliza tu nijue. Nikohoe, au nisikohoe?"

Marsiana alikunja waya pole pole, mzunguko juu ya mzunguko, namna Bruda alivyomfundisha.

"Kohoa mara moja," alisema. "Usifanye mbili."

Pancras akafikiri, akaona inawezekana. Akaondoka akijizoeza. Marsiana akarudi ndani, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya ili aandike kazi ya siku, kama ilivyotakiwa. Aliandika tarehe. Alikaa na kalamu muda, akisikiliza bati likilia kwa joto, panya, jenereta, mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kila kitu kilisikika wazi na kila kitu kilikuwa mahali pake. Yeye alikuwa bado hajalia, kwa sababu hakuwa na cha kulilia ambacho hakukitengeneza mwenyewe. Akafunika kalamu. Akaenda kuzima jenereta kabla ya saa kumi na moja.